UFUNDI WA NYUMBANI: Waya Unaovuka Uwanja

 

Mwezi huu tulipanga kuendelea na somo la kutunza betri, lakini zimetufikia barua mbili ambazo haziwezi kungoja. Ya kwanza ni ya mama mmoja wa Rubondo. Kijana wake amejenga kibanda cha kunyolea nywele mbele ya nyumba, hatua kama ishirini kutoka mlangoni. Ndani ya nyumba kuna paneli ya sola na betri. Kijana anataka kuvuta waya mpaka kibandani, na mama anatuuliza kama amruhusu.

Barua ya pili imetoka Marekani, kwa kijana aliyesoma na sisi darasa la jioni kabla familia yake haijasafiri. Kwenye nyumba wanayokaa kuna gereji iliyosimama peke yake nyuma ya uwanja. Msichanganye: kwetu gereji ni kwa fundi wa magari, lakini kule ni chumba cha kuwekea gari. Yeye anataka kuifanya karakana ya useremala. Anasema umeme ataupeleka mwenyewe kwa sababu kazi anaijua, anaomba tu tumkumbushe unene wa waya.

Mmoja yuko hapa na sola ya volti 12, mwingine yuko ng'ambo na umeme mkubwa. Lakini swali lao ni moja: umeme unatokaje kwenye nyumba na kufika kwenye jengo lililosimama pembeni bila kuleta msiba? Tutawajibu wote wawili hapa, maana tunajua wapo wengi wenye jiko la nje, duka la mbele, banda la kuku au karakana, na waya tayari umening'inia hapo juu ya kamba ya nguo.

KIBANDA NI NYUMBA YA PILI

Watu wengi huona kibanda cha nje kama chumba kimoja zaidi cha nyumba. Wanachukua ekstensheni, wanaipitisha dirishani, basi, kazi imekwisha. Hapo ndipo hatari inapoanza. Kwa upande wa umeme, kibanda ni nyumba ya pili, na kuna sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni njia. Waya wa ndani ya nyumba umetulia ukutani. Waya unaovuka uwanja unapigwa na jua, unaloweshwa na mvua, unakanyagwa, unatafunwa na mbuzi na kukatwa na jembe. Plastiki ya waya wa ndani haikutengenezwa kwa maisha hayo. Jua la mwaka mmoja au miwili linaikausha mpaka inapasuka, na shaba inabaki wazi.

Sababu ya pili ni urefu. Umeme unachoka njiani, hasa umeme wa volti 12. Tutapiga hesabu hapo chini muone wenyewe.

Sababu ya tatu ni mtu. Jambo likitokea kibandani, swichi kubwa iko ndani ya nyumba, na pengine mlango umefungwa, mama amekwenda kwenye mgao. Aliye kibandani anakosa mahali pa kuzima.

Kwa hiyo nyumba ya pili inahitaji vitu vyake vitatu: fyuzi au breka yake pale waya unapoanzia, swichi yake ya kuzima kila kitu pale mlangoni, na kama ni umeme mkubwa, arthi yake iliyokamilika. Ukikosa kimoja, bado hujamaliza kazi.

KWANZA, SOLA YA VOLTI 12

Tupige hesabu ya kibanda cha kinyozi. Mashine ya kunyolea wati 10, balbu wati 5, na simu nane za wateja zinazochajiwa, kila moja wati 5. Jumla ni wati 55. Ukigawanya kwa volti 12 unapata amp 4.6. Tuseme amp 5.

Hatua ishirini ni kama mita 15. Lakini umeme huenda na kurudi, kwa hiyo waya tunaohesabu ni mita 30. Wanafunzi wetu wanakumbuka: ukinzani wa waya wa shaba ni 0.0175 mara urefu kwa mita, ugawe kwa unene kwa milimita mraba. Halafu ukinzani mara mkondo ndiyo volti zinazopotea njiani.

Ukitumia waya mwembamba wa spika, ule wa 0.75 ambao wengi wananunua kwa sababu ni rahisi, unapoteza volti 3.5. Betri ina 12, kibandani zinafika 8 na nusu. Mashine inavuta nywele badala ya kuzikata, na mteja analalamika. Ukitumia waya wa 1.5 unapoteza volti 1.75. Ukitumia waya wa 4 unapoteza kama volti 0.66 tu, na hapo kazi inakwenda vizuri.

Kumbe kijana anayelaumu betri kila siku, pengine betri yake ni nzima kabisa. Volti zake zinaishia uwanjani.

Ukiwa dukani, usiangalie unene wa plastiki, maana kuna waya zenye koti nene na shaba kama uzi. Tena kwangua kidogo kwa kisu. Shaba halisi ni nyekundu mpaka ndani. Ikitokea nyeupe, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Inapitisha umeme vibaya zaidi na inakatika upesi kwenye maungio.

Sasa tuje kwenye usalama. Tunasikia watu wakisema sola haina shida, volti 12 haimpigi mtu. Ni kweli, ukiishika kwa mkono mkavu husikii kitu. Lakini volti 12 isiyompiga mtu inaweza kuchoma nyumba. Betri kubwa ya asidi, waya zake mbili zikigusana, inatoa mkondo wa mamia ya amp kwa mara moja. Waya unakuwa mwekundu kama kaa la moto, plastiki inawaka, na juu yake kuna nini? Turubai, nyasi, nguzo za miti. Mita 15 za waya uwanjani ni mita 15 za nafasi ya jembe kuunganisha nyekundu na nyeusi.

Dawa yake ni fyuzi, na fyuzi inakaa kwenye waya wa chanya karibu kabisa na betri, umbali wa shubiri moja. Ukiiweka kibandani haikusaidii, kwa sababu waya wote wa uwanjani utakuwa hauna mlinzi. Kwa kibanda chetu cha amp 5, fyuzi ya amp 10 inatosha. Na fyuzi ikiungua, tafadhali, msiweke karatasi ya sigara wala kipande cha waya. Fyuzi imeungua ili nyumba isiungue. Ukiidanganya, umemfukuza mlinzi na mwizi bado yuko nje.

Kuna wanaotaka kukwepa gharama ya waya mnene kwa kuweka inveta ndani ya nyumba na kupeleka volti 240 kibandani. Kwa hesabu wana haki: wati 55 kwa volti 240 ni mkondo mdogo sana, waya wa kawaida hauchoki. Lakini sasa ule waya usiomdhuru mtu umekuwa waya unaoua. Inveta ndogo isikudanganye kwa udogo wake. Umeme unaotoka hapo unaua kama ule wa nguzo za barabarani. Ukichagua njia hiyo, lazima ufuate sheria zote za umeme mkubwa tunazoeleza sasa.

UMEME MKUBWA UWANJANI

Hapa Uganda umeme wa majumbani ni volti 240. Wengi wetu kule nyumbani, Congo, Burundi au Rwanda, tulizoea kusema 220. Tofauti ni ndogo, na unaua vilevile. Kuna njia mbili za kuuvusha uwanja: chini ya ardhi au juu.

Chini ya ardhi, tumia kebo iliyotengenezwa kwa ajili ya kufukiwa, ile yenye koti ya chuma ndani yake, au pitisha waya ndani ya bomba la plastiki gumu. Chimba angalau nusu mita, vizuri zaidi sentimita 60. Jembe la kawaida halifiki huko. Tandika mchanga bila mawe, laza kebo, weka mchanga tena, panga matofali juu yake, kisha fukia. Matofali hayo ni ya kumwambia mchimbaji wa kesho kwamba chini kuna kitu. Weka mawe ya alama juu ya mstari, na mchore ramani ndogo mwitunze pamoja na karatasi za familia. Msipitishe mstari mahali mnapotarajia kuchimba choo au kupanda mihogo. Na kamwe msifukie maungio. Kebo ivuke ikiwa kipande kimoja.

Juu, waya ukae kwenye nguzo imara, juu kuliko mtu aliyebeba mabati au mzigo wa kuni kichwani. Usifungwe kwenye mti unaoyumba. Usifungwe kwenye mabati kwa waya wa kufungia. Na tunawaomba kina mama na mabinti: nguo mbichi isianikwe kwenye waya wa umeme wala kwenye kamba inayougusa. Mikono iliyolowa, miguu peku kwenye tope, na plastiki iliyopasuka kidogo tu, hapo mtu anaondoka bila kupiga kelele.

Mahali waya unapoingia kibandani ndipo penye hatari kuliko pote, hasa kama ukuta ni wa mabati. Tundu la mabati ni kisu. Upepo unatikisa waya kila siku, kidogo kidogo kisu kinakula plastiki, na siku moja ukuta mzima unakuwa na umeme. Mtoto anauegemea tu. Basi ingiza kwanza kipande cha bomba au cha mpira mnene kwenye tundu, ndipo waya upite ndani yake. Na uache waya ushuke chini kidogo kabla ya kuingia, ili maji ya mvua yadondokee nje badala ya kufuata waya mpaka kwenye soketi.

ARTHI: HAPA WENGI WANAKOSEA

Arthi ni ule waya wa kijani na njano. Kazi yake ni kusubiri. Siku waya wa moto ukigusa chuma cha mashine, arthi inaubeba mkondo huo kurudi kwa nguvu, breka inakata, na mtu anabaki hai.

Tunaona mafundi wanafika kibandani, wanapigilia chuma ardhini, wanafunga waya wa kijani hapo, wanasema arthi tayari. Hebu tupige hesabu. Udongo mkavu una ukinzani mkubwa. Tuseme chuma hicho kina omu 25 tu, na kwa kiangazi chetu hiyo ni arthi nzuri. Volti 240 gawa kwa 25 ni amp 9.6. Breka ya kibanda ni ya amp 16 au 20. Je, itakata? Haikati! Inaona amp 9.6 kama mzigo wa kawaida. Mashine inabaki na umeme kwenye mwili wake, inamsubiri wa kuigusa.

Kwa hiyo chuma cha ardhini peke yake hakitoshi. Mahali ambapo nyumba kubwa ina arthi nzuri, waya wa kijani na njano uvuke uwanja pamoja na wenzake mpaka kwenye arthi ya nyumba kubwa. Na kila mahali, kwenye mwanzo wa waya huo, iwekwe breka ya kuvuja, ile yenye kitufe kidogo cha kujaribu. Breka hiyo hupima umeme unaokwenda na unaorudi. Zikipotea miliamp 30, yaani sehemu ndogo sana ya amp moja, inakata kabla moyo haujasimama. Bonyezeni kile kitufe kila mwanzo wa mwezi. Kisipokata, mwiteni fundi siku hiyohiyo.

Na jambo moja lingine: kibandani, waya wa nyutro na waya wa arthi visiunganishwe pamoja. Nyutro ni njia ya umeme kurudi kila siku. Ukiiunganisha na arthi kwenye jengo la pili, umeme unaorudi unagawanyika, mwingine unapita kwenye arthi na kwenye kila chuma kilichofungwa nayo. Nyutro ikikatika uwanjani, vyuma vyote vya kibanda vinaamka.

Msichanganye arthi hii na kinga ya radi. Tunakumbuka msiba wa wenzetu wa kambi ya Palabek, kaskazini mwa Uganda, tarehe 2 Novemba 2024, radi ilipowapiga watu waliokusanyika kwa ibada na 14 wakafariki. Kibanda cha mabati chenye arthi ya soketi hakimkingi mtu na radi. Ngurumo zikikaribia, chomoeni vifaa mapema, toka kibandani, na msiguse waya mpaka mvua ipite.

KWA KIJANA WETU ALIYE MAREKANI

Ndugu yetu mdogo, tumefurahi kusikia unataka kufanya kazi ya mikono. Lakini kabla hujashika bisibisi, soma hapa polepole.

Rangi za huko si rangi za huku. Sisi tulikufundisha kwamba kwenye sola nyekundu ni chanya na nyeusi ni hasi. Kwenye waya za umeme za zamani za Uganda na Kenya, nyekundu ni moto na nyeusi ni nyutro. Za sasa, kahawia ni moto na buluu ni nyutro. Kwenye sola na kwenye waya hizo za zamani, nyeusi ni yule mpole. Marekani ni kinyume: nyeusi ndiyo moto! Nyutro ni nyeupe, na arthi ni kijani au shaba tupu isiyo na koti. Nyekundu nayo huko ni moto wa pili. Ukienda na mazoea ya Nakivale, utashika nyeusi ukidhani unashika nyutro. Wala usiamini rangi peke yake, hata hapa kwetu. Zima breka, halafu pima kwa tesita, ndipo uguse.

Volti zake ni 120 kwa soketi za kawaida na 240 kwa mashine kubwa. Usiseme 120 ni nusu tu. Inaua.

Gereji iliyosimama peke yake ina sheria zake katika Kanuni ya Taifa ya Umeme, ambayo majimbo mengi huifuata, mengine yakiongeza ya kwao. Kwa ujumla, kebo ya kufukiwa moja kwa moja iwe chini inchi 24, yaani kama sentimita 60. Ikiwa ndani ya bomba la plastiki, inchi 18, kama sentimita 45. Gereji iwe na swichi yake ya kuzima umeme wote. Ukiweka boksi la breka ndani ya gereji, zitavuka waya nne: mbili za moto, nyutro na arthi, na nyutro isiungane na arthi kwenye boksi hilo. Utapigilia pia fimbo ya arthi hapo gereji, kwa kawaida ya futi 8. Waya wa arthi unaorudi nyumbani unabaki palepale, fimbo haichukui nafasi yake. Unaona? Ni somo lilelile la kibanda chetu.

Soketi za gereji ziwe na kinga ya kuvuja. Mara nyingi ni soketi zenye vitufe viwili katikati, cha kujaribu na cha kurudisha. Zenyewe hukata kwa miliamp 5 hivi, ni kali kuliko zetu. Kinga hiyo inahitajika kwa sababu sakafu ya gereji mara nyingi ni saruji yenye unyevu na mtu anashika mashine kwa mikono yote miwili.

Kabla ya kuchimba, piga simu namba 811. Ni bure. Ipige siku kadhaa kabla, waje kuweka alama mahali mabomba ya gesi na kebo za kampuni zinapopita. Mabomba na nyaya zilizofukiwa na mwenye nyumba mwenyewe mara nyingi hawaziwekei alama, kwa hiyo muulize mwenye nyumba pia.

Mwisho, na hili ndilo kubwa: kama mmepanga, gereji hiyo si yako, na umeme wake si wako kuugusa. Zungumza na mwenye nyumba. Kama nyumba ni ya familia, sehemu nyingi huruhusu mwenye nyumba kufanya kazi hiyo kwenye nyumba anayoishi, lakini kwa kibali cha mji na mkaguzi aje kuangalia kabla hujafukia. Usimwogope mkaguzi. Sisi tuliotoka kwenye vita tumezoea kuona mtu mwenye karatasi za serikali kama shida inayobisha hodi. Huyo anakuja kuangalia kama watoto wako watalala salama. Na nyumba ikiungua kwa kazi isiyo na kibali, bima inaweza kukukatalia malipo. Kama huwezi gharama yote, lipa fundi mwenye leseni kwa upande wa umeme, na umuulize kama wewe unaweza kuchimba mtaro. Kuchimba unakujua vizuri.

UKAGUZI WA MAMA

Turudi Rubondo. Mama yetu ameandika kwamba yeye si fundi, atajuaje kama kazi ni nzuri? Mama, huhitaji kuwa fundi. Kabla hujamlipa mtu, au hujamsifu kijana, zunguka naye na umuulize haya:

1. Fyuzi iko wapi? Akuonyeshe kwa kidole, na iwe shubiri moja kutoka kwenye betri.

2. Swichi ya kibanda iko wapi? Iwe mlangoni, uweze kuizima gizani bila kuingia ndani.

3. Kuna maungio mangapi uwanjani? Jibu zuri ni hakuna. Ndani ya nyumba na kibandani, maungio yawe kwenye konekta ya skrubu. Yasiwe ya kusokotwa na kufungwa mfuko wa nailoni.

4. Waya unapita wapi kwenye mabati? Tia kidole: uguse mpira au bomba, usiguse ukali wa chuma. Fanya hivyo umeme ukiwa umezimwa.

5. Washeni vyote kwa pamoja kwa nusu saa. Kisha zima, upitishe mkono juu ya waya, soketi na fyuzi. Vuguvugu kidogo si neno. Ukikuta moto, au ukinusa harufu ya plastiki, waya ni mwembamba au maungio yamelegea. Pesa zibaki mfukoni mpaka arekebishe.

6. Mtoto wa miaka mitatu anafika wapi? Chuchumaa, uangalie kwa urefu wa macho yake. Anachokiona ndicho atakachoshika.

Na jibu la swali lako, mama, ni hili. Mruhusu kijana, kazi ya kinyozi ni kazi nzuri, lakini msianze na waya. Ulizeni kwanza bei ya paneli ndogo na betri ndogo za kibanda chenyewe, mkailinganishe na bei ya mita 30 za waya mnene, bomba na fyuzi. Mara nyingi mtakuta bei hazipishani sana. Kibanda kikiwa na paneli yake juu ya paa lake, hakuna waya unaovuka uwanja, hakuna volti zinazopotea, na kijana akichaji simu kumi za wateja taa ya nyumbani haizimiki watoto wakiwa kwenye vitabu. Fyuzi karibu na betri bado mtaihitaji. Kama bei inawashinda, basi vuteni waya wa 4, fyuzi ya amp 10, mtaro wa nusu mita, na ukaguzi wote tuliouandika. Kama hata hiyo haiwezekani kwa sasa, kijana aanze kunyoa mchana kwa mashine inayochajiwa nyumbani. Biashara inayoanza polepole itakua. Kibanda kikiungua, kinaweza kuunguza na nyumba ya jirani.

MTU AKINASWA

Hili kila mtoto alijue, hata wa darasa la kwanza. Ukimwona mtu amenaswa na umeme, usimshike. Anayekimbia kumvuta ndugu yake anaweza kufa naye. Zima umeme kwanza. Kama huwezi kufikia swichi na ni umeme wa nyumbani, simama juu ya kitu kikavu, usukume waya kwa mti mkavu. Ukikuta waya wa nguzo kubwa za barabarani umeanguka, usikaribie kabisa, zuia watu, ita msaada. Mtu akishaachiwa, angalia kama anapumua. Kama hapumui, anza kumkandamiza kifua katikati, kwa nguvu na haraka, mwingine akikimbilia zahanati. Hata akiamka na kucheka, apelekwe. Umeme unaweza kuusumbua moyo baadaye.

KAZI YA FAMILIA MWEZI HUU

Watoto wa darasa la sita na kuendelea: pimeni kwa hatua umbali kutoka betri ya nyumba mpaka taa ya mbali kuliko zote, mpige hesabu ya volti zinazopotea, mtuletee darasani Jumamosi. Wazazi: kesho mchana, kukiwa na mwanga, fuateni kila waya wa nje kwa macho kutoka mwanzo mpaka mwisho. Mkiona shaba, zimeni siku hiyo. Msisubiri mwisho wa mwezi.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutarudi kwenye betri: maji yake, chumvi nyeupe inayoota kwenye vichwa vyake, na kwa nini isilale chumba kimoja na watoto. Maswali yenu yaleteni darasa la jioni au mpeni kiongozi wa kijiji chenu. Tunasoma barua zote, hata zilizoandikwa kwa penseli.

Tahadhari kabla ya hatari. Kwaherini.